Nishikie Mtoto Kwanza

Shikamooni wazazi wangu. Naomba mnivumilie nikisoma, maana nikiinua macho nikaona mlivyo wengi nitasahau hata jina langu. Aliyeombwa kutoa ushuhuda leo hapa kwenye kikundi chetu cha akiba ni mama. Akasema, "Mwandishi wa nyumba hii ni wewe, kila siku uko na daftari lako. Nenda ukaseme wewe." Basi nimeandika. Majina sitataja, ingawa wengine ninaowasema mmekaa hapa hapa na mmeshaanza kucheka.

Mnakumbuka kiwanda cha nguo kilipopunguza watu. Baba alikuwamo. Alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hatukulizoea, akavua viatu, akakaa nje akiangalia mawe ya mlimani kana kwamba hajawahi kuyaona. Jioni akasema, "Shamba la Magu lipo. Likizo ya shule ikiisha hatujapata cha kutuweka hapa mjini, tunarudi kulima pamba."

Mama akauliza, "Na masomo ya huyu?"

Baba akaokota viatu vyake, akaingia ndani. Nilikuwa kidato cha pili. Nilikwenda kulia chooni, maana hata kulia mbele za watu naona haya.

Mama hakulia. Alisema siku hizi biashara ni ruksa kwa kila mtu, kwa hiyo hata kwetu. Akawaza kuuza uji wa ulezi na karanga pale mwaloni, mitumbwi ya dagaa inaposhusha, kwa akina mama wanaoanika. Lakini mama si mtu wa kukurupuka. Akasema twende kwanza tukawaulize.

Tukaenda wiki ya mbalamwezi. Nyie wa dagaa mmeshajua kosa letu! Mwezi ukiwaka mitumbwi haitoki. Tuliwakuta akina mama wamekaa kivulini wanasukana nywele, mikono misafi, utani mtindo mmoja. Mama akawaonjesha.

"Mayu, mama yetu, huu si uji, hii ni dawa!"

"Mimi niwekee vikombe viwili."

"Mimi nitakunywa na cha mume wangu. Yeye ziwa lile pale, akanywe!"

Wote walisema watanunua. Mama alirudi nyumbani anaimba.

Mbalamwezi ikaisha, usiku wa giza ukaingia, mitumbwi ikatoka. Asubuhi tukabeba masufuria mawili. Mama zangu, nawaambia, sikujua kama watu wazima wanakimbia vile. Mitumbwi imefika, huyu anagombea dagaa, yule ana karai kichwani, mwingine anamwaga mchangani na kutawanya kabla jua halijakaza. Mikono imejaa magamba hadi kwenye viwiko. Nani ashike kikombe? Walipita wakituambia, "Tunakuja, mayu, tunakuja!" Hawakuja. Uji ukafanya utando juu. Tukarudi nao, tukaunywa wenyewe mchana na jioni. Kesho yake vilevile. Keshokutwa yake baba akasukuma kikombe pembeni, akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniuma, "Mama watoto, tufungashe tu."

Baba alipotoka, mama akaniambia, "Walinidanganya kwa mapenzi. Mtu mwenye adabu utamwonjesha uji wako akuambie usoni hautaki? Hata mimi ningesema nitanunua. Sasa nenda wewe. Usibebe uji, usiseme tunauza nini. Waulize tu jana yao ilikwendaje, tangu walipoamka."

"Mimi, mama?" Mimi ambaye dukani nasimama mpaka muuzaji aniulize kama nimetumwa au nimepotea!

"Wewe. Mimi naongea mno."

Nikaenda. Mama wa kwanza nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikasimama. Swali likagoma kutoka.

"We binti, umemezwa na sangara? Sema!"

"Naomba kukuuliza, mama..."

"Uliza, lakini nishikie mtoto kwanza."

Akamfungua mgongoni, akanikabidhi. Alinyoosha mgongo mpaka nikausikia unalia, kisha akainama tena, na mikono yake sasa ilikwenda mbio. Mimi nikabaki nabembeleza, swali nimesahau. Jirani yake akaona. "Kumbe yupo wa kushika! Basi na huyu." Mtoto wa tatu alikuwa amefungwa kamba mguuni kwenye mtumbwi mbovu, asitambae kwenda majini. Alipoona wenzake wamenikalia alilia mpaka mama yake akamfungua na kumleta.

Jua la utosi nikarudi nyumbani, nikasema nimeshindwa.

"Wamesema nini?"

"Hawajasema kitu. Sikuuliza."

"Muda wote huo?"

"Walinipa watoto."

"Na hiyo sketi?"

"Wamenikojolea. Wawili. Wa tatu alitapika."

Mama akaniangalia, akaiangalia sketi. Akakaa kwenye kigoda, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Mwanangu, jibu limekukojolea, na bado unasema hujaambiwa kitu!"

Nikarudi tena. Safari hii swali nilikuwa nalo, na mtoto akiwa mikononi haya zangu zilipungua, sijui kwa nini. Niliuliza, "Jana alikaa na nani?" Mmoja alisema dada yake wa darasa la pili, ambaye siku za giza haendi shule. Mwingine alisema hapa hapa mgongoni, na jua lote lake. Yule wa kamba alisema, "Siku moja ilifunguka. Nilimdaka maji yamefika hapa." Akagusa shingo. Akaendelea kutawanya dagaa bila kunitazama.

Nyumbani nilipolisema lile la kamba, baba ndiye aliyesimama. Alikwenda kumwomba ruhusa mwenyekiti wa mtaa, akakata matete, akajenga kibanda na uzio karibu na mwalo. "Najenga tu nisikae bure," akasema. "Magu iko palepale." Mama alipita kuwaambia akina mama kwamba kibanda kipo. Hakumuuliza hata mmoja kama angeleta mtoto. "Ndiyo zao nimeshazinywa nikashiba," alisema.

Asubuhi ya kwanza, likizo inakatika, tulikaa kwenye mkeka sisi watatu tu. Mitumbwi ikaonekana. Mama alinishika mkono. Akatokea yule mama wa kamba, mbio, hakusalimia, hakuuliza bei. Alimkalisha mtoto mapajani mwa baba yangu, akageuka, akakimbilia mitumbwi. Baba alimshika yule mtoto kwa mikono miwili, kama mtu aliyerudishiwa kazi. Nyuma yake wakaja wengine.

Walipokuja kuwachukua, kila mmoja alileta kopo lake la dagaa kama malipo, nasi tukawauza dagaa hao, na hadi leo ndivyo tunavyoishi. Uji? Watoto wanaumaliza. Na mama zao wakishanawa mikono wanadai wao pia. Shule ilipofunguliwa nilikwenda. Magu tunakwenda Krismasi, kusalimia.

Nawashukuru nyie mliosema mtanunua, maana mlitaka mama yangu afurahi. Nawashukuru zaidi mlionipa watoto bila kuniuliza kama naweza. Baba nakushukuru, najua unajificha kule nyuma mlangoni. Ninachoweza kumwambia mwenzangu anayetaka kuanza biashara ni hiki: usimwendee mtu akiwa amepumzika ukamuuliza kama anapenda kitu chako. Mwendee akiwa kazini, mpokee mzigo, halafu nyamaza. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa sababu ya woga tu.

Nilikuwa nimeandika na maneno ya kufungia, lakini kuna mtoto analia hapo mstari wa mbele na mama yake anahangaika. Wabeja sana, asanteni wazazi wangu. Mama, mlete hapa. Nipe nimshike.