Nabila na Foleni ya Kutua

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa, Shehe wetu, Mchungaji Santino, wazazi, ndugu wageni waalikwa mliotoka Koboko na Midia, nanyi vijana mliosimama mlangoni kana kwamba hamjaona viti: Assalaam alaykum, na amani iwe kwenu.

Kesho asubuhi mjukuu wangu Nabila anapanda basi kwenda chuo cha urubani. Nimeombwa nimuage. Nitamuaga, lakini nina jambo ambalo hata yeye halijui, na mkinizomea nitakuwa nimestahili.

Mnakijua chumba changu cha kompyuta hapa Arua. Nilipostaafu ufundi wa ndege jeshini, nilinunua kompyuta tatu na mchezo wa ndege za kivita. Jamani, siku zile! Nani hapa hakupiga kelele ndani ya chumba kile? Vita vyenyewe tulivishinda. Kilichotumaliza ni kutua nyumbani. Ndege zinazoendeshwa na kompyuta hazina adabu hata kidogo: moja inakukatiza mbele, nyingine inatua halafu inasimama katikati ya uwanja kama mbuzi wa kijiji cha Adumi barabarani, na mnara wa kuongozea ndege unakuambia kwa sauti tamu uzunguke tena. Kijana wetu Muzamili aliangusha adui watano siku moja, akarudi akatua mgongoni mwa mwenzake. Mpaka leo anasema alisukumwa.

Nabila, mtoto wa ukoo wa askari, alikuwa na kosa lake mwenyewe. Kiongozi wa kundi lake alikuwa kompyuta. Siku hiyo magurudumu ya kiongozi yaligoma kushuka, akawa anazunguka uwanja, anazunguka tu, na Nabila nyuma yake. Mafuta yakakaribia kwisha. Nikamwambia, "Tua, mtoto!" Akanijibu, "Babu, afande bado iko juu. Mimi nashuka mbele yake namna gani?" Ndege zote mbili zikaanguka msituni. Tulicheka mpaka marehemu bibi yake, Jamilah, akaja mbio kuuliza nani amekufa.

Nilicheka, lakini moyoni nilijivunia. Tangu Jamilah atutoke, Nabila ndiye anayefungua chumba, ndiye anayenichemshia chai, ndiye anayecheza nami vijana wakishakwenda zao. Naupenda mchezo ule, ndugu zangu. Peke yangu siuwezi.

Ndiyo maana barua ya chuo ilipofika, niliificha. Siku tisa ilikaa ndani ya kanzu yangu ya Idi. Nabila, kila jioni uliniuliza, "Babu, barua haijakuja?" Nami, mtu mzima na mvi zangu, nilikutazama usoni nikasema bado. Siku ya kumi nilikuta umefuta jina lako kwenye ubao wa marubani wetu, ule wa chumba cha kompyuta. Hukulia mbele yangu. Uliendelea kufagia. Wallahi, niliona haya hata kusimama kuswali. Nikakupa barua, nikakuambia imeletwa asubuhi ile. Nilidanganya.

Nisamehe, mwanangu. Nimelisema mbele ya watu ili nisipate pa kulikana. Nenda kasome. Ukinipigia simu, usiniulize kama nimekula, maana nitakudanganya tena. Muulize jirani yetu Margarita, yeye atakuambia kweli.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunisikiliza mpaka mwisho.