Hilaria na Masale ya Waya

Tarehe 30 Juni mwaka huu Hilaria Mushi anamaliza miaka thelathini na tatu ya kazi katika Karakana ya Mshikamano, hapa Moshi mjini. Kamati imeniambia niandike mimi, kwa kuwa nilipika chai na kande karakanani hapo mpaka magoti yalipokataa, kwa hiyo mimi ni mwenzake wa kazi. Tena ni mama yake mzazi. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini huyu nimemzaa mimi, na hakuna mwenye shahada anayemjua kunizidi. Nitamsifu bila aibu. Nitasema pia jinsi alivyonitia hofu, maana kazi yake yote nimeitazama roho ikiwa mkononi.

Hilaria hutengeneza miti midogo ya mapambo, ile ya kukaa mezani au kabatini karibu na redio. Anachukua waya mwembamba, anausokota kwa plaizi mpaka unakuwa shina na matawi, anauvisha karatasi ya krepu, shanga na utepe, kisha anausimamisha kwenye kikopo chenye jipsamu. Mgomba wake una mkungu, na mkungu una vidole. Mti wake wa kahawa una buni nyekundu za shanga, na padre mmoja mgeni aliwahi kuchuma moja akaitia mdomoni. Watoto wa wenzangu kule Kibosho wana magari. Wangu ana msitu.

Lakini waya ukikatwa unaruka. Kila nilipompelekea chai nilimtazama macho kwanza, yote mawili yapo? Ndipo nikamimina. "Mama, utanifanya nikosee," alikuwa akisema. Nilikuwa naogopa waya. Sikujua kwamba kitu cha kuogopa kilikuwa utepe.

Mama Gladys wa Sanya Juu alikuwa anaoza binti yake kwa ukoo mmoja wa Tarakea. Alitaka kila meza ya wageni hao iwe na mti mdogo wa kijani. "Wa kwetu, Hilaria. Usiniletee mnazi," alisema. Yeye ni mjumbe wa kamati ya karakana, kwa hiyo akaongeza kwamba kikiharibika kitu siku hiyo, Hilaria asirudi kazini. Alilisema huku anacheka, lakini mimi sikucheka.

Hilaria akachagua isale, mmea wetu wa majani marefu ya kijani. Utepe wa kijani ukiukata kwa mshazari na kuukunja katikati, unatoa jani la isale utadhani limechumwa mpakani mwa shamba. Tuliyaona masale hayo karakanani, Wachagga watupu, tukayasifu. Hakuna aliyekumbuka chochote. Ukiwa kazini unaona waya na gundi, huoni jani.

Siku ya harusi tuliyapanga mimi na yeye, tukarudi nyuma kuyatazama, nikajivuna. Wageni wa Tarakea wakaingia. Mzee Hosea, babu wa bwana harusi, akafika kwenye meza yake, akaona isale, akavua kofia. Hakukaa.

"Nani ametukosea?" akauliza.

Kwa asiye wa huku: ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, naye akishaletewa hawezi kukataa kusamehe. Lakini lazima aambiwe kosa. Sasa hapa ukoo mzima umewekewa masale, meza zote sita, na kosa halijatajwa.

Ukoo ukasimama kama mzee wao. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, alikuwa amelala na majani mdomoni, hakuna wa kumkata. Mshereheshaji Praygod akazima muziki. Shangazi yao mmoja, Dominika, akanong'ona kwa sauti iliyofika jikoni, "Nilijua mimi. Binti ana mtoto Dar."

"Meza sita, shangazi," kijana mmoja akamjibu. "Ni watoto sita?"

Bibi harusi akajifunika uso kwa shela. Mama Gladys hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alimtazama mwanangu akasema polepole, "Hilaria, umenivunjia ndoa ya binti yangu."

Nilimvuta Hilaria gauni. "Twende, mwanangu, tupite jikoni, twende." Akauondoa mkono wangu taratibu, kama mtu anayetoa uzi kwenye nguo. Akavuka ukumbi ule wote peke yake, plaizi bado ikiwa mfukoni mwa aproni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa ukoo wa bibi harusi?"

"Hapana, mzee. Mimi ni fundi. Masale ni yangu, na kosa ni langu."

"Kosa gani?"

"Kuleta isale mahali pasipo na kosa."

Mzee Hosea akalinyanyua, akalipindua, akagonga kikopo kwa ukucha. "Mbona hili ni waya? Unaniomba msamaha kwa waya?"

Hapo nilijua yamekwisha, kazi yake na ndoa ya watu. Nikaanza Salamu Maria nikasahau katikati.

"La shambani ningelichuma tu, mzee," alisema Hilaria. "Hili nimelitengeneza."

Mzee akalisogeza karibu na macho. Akalitazama tena jani moja moja. "Kwa hiyo isale linajiombea lenyewe."

"Ndiyo, mzee."

"Tangu nizaliwe sijaliona hilo." Akalitia mfukoni mwa koti, majani yakachungulia nje. "Meza hii imesamehe. Zile nyingine kaombe mwenyewe. Na fanya haraka, mbuzi anapoa."

Akaziomba zote, meza kwa meza, mimi nyuma yake na boksi la kuyakusanyia masale. Shangazi Dominika alikaza shingo mpaka alipoahidiwa mgomba wenye mkungu. Kisha ndafu akakatwa, nyama ikafunga midomo, na harusi ikaendelea.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza kama hakuogopa. "Niliogopa, mama. Lakini nakujua. Ningekimbia ungenisema mpaka kaburini." Ni kweli, ningemsema.

Mama Gladys hakumwondoa kazini. Alipopata mjukuu alikuja mwenyewe kuagiza mti. "Wowote," alisema, "isipokuwa ule." Tangu siku ile Hilaria hajawahi kukunja waya kabla ya kumuuliza mteja mti unakwenda kwa nani na kwa jambo gani, na Violet aliyejifunza kwake anauliza hivyo hivyo. Nanyi mnaobaki, msiuache utaratibu huo. Nawaombeni, mimi nilikuwepo.

Asanteni nyote mliofanya kazi naye, mliomvumilia na kumpenda. Hilaria, mwanangu, karibu nyumbani Kibosho. Macho yako yapumzike na vidole vyako vipone michubuko. Tunakuombea siku nyingi za utulivu na usingizi mzuri. Usingizi wangu mimi nitauanza usiku utakaofika, maana wewe utakuwa chumba cha pili, na nitakusikia ukikohoa.

Margareta, mama yake