Brytteva Haugatun na Mhopi wa Ukuta wa Kusini

Leo, tarehe 17 Februari 2023, tunamsindikiza Brytteva Haugatun, binti wa Nils na Ingebjørg, aliyezaliwa hapa bondeni Voss tarehe 14 Machi 1944, kwenye kitanda alichotaka pia kufia, na hakujaliwa. Mimi ni Sjur, mdogo wake wa pekee. Mama yetu aliolewa kwenye shamba la Haugatun akiwa na ng'ombe mmoja na kipande cha mzizi wa mhopi, mmea utambaao ambao maua yake ndiyo huipa bia uchungu. Ng'ombe alikufa. Mzizi ulipandwa kwenye ukuta wa kusini wa ghala, na marehemu alijifunza kutembea akishikilia nguzo za mmea huo.

Alisoma shule ya kijijini kuanzia mwaka 1951 hadi 1958. Alikuwa hodari wa hesabu na mtoro wa Septemba, maana Septemba ndipo maua huchumwa. Mwalimu alipomuuliza alikuwa wapi wiki nzima, alimnyooshea mikono iliyoiva weusi kwa utomvu. "Nusa mwenyewe, mwalimu." Mwalimu akanusa, akamwambia akakae.

Kuanzia 1963 hadi alipostaafu 2009 alikuwa mpishi wa nyumba ya wazee, na shamba hakuliacha hata siku moja. Kila Oktoba alipika bia ya Krismasi kwa maji yaliyochemshiwa matawi ya mreteni na maua ya ukutani kwake, na majirani walikuja kuionja. Jirani yetu Styrk alikuwa na mhopi wake zamani, mpaka mwanawe alipoung'oa apate pa kuegesha gari. Hata hivyo Styrk hakuacha uchokozi.

"Brytteva, mwaka huu si umetutilia maji?"

"Wewe kunywa tu, Styrk. Halafu jaribu kusimama."

Tarehe 21 Septemba 1968 alifunga ndoa na Mons kutoka Vinje. Alikuwa amechuma maua hadi asubuhi ile, na sabuni haikusaidia kitu. Kanisani Mons alimbusu mkono, akakunja uso mbele ya watu wote. "Lo! Mke wangu mchungu!" Marehemu akamjibu kwa sauti, "Utazoea." Alizoea miaka thelathini na sita, hadi alipofariki 2004. Walijaliwa mtoto mmoja, Gjertrud.

Yanayofuata nimeyaandika na kuyapeleka yachapwe kwenye kijitabu cha maziko ili nisipate nafasi ya kuyaruka. Gjertrud, mwanangu, nisamehe. Nilikusudia kukuambia juzi asubuhi jikoni, nikaishia kuomba kahawa.

Mei 2009 dada alinipa kipande cha mzizi ndani ya ndoo, kimefungwa gazeti bichi. "Miguu yangu inachoka, Sjur. Uwe nao na wewe, usije ukapotea." Niliupeleka kwangu Bergen, nikauweka gereji, nikasafiri. Niliporudi ulikuwa umekauka kama kuni. Niliona aibu kumwambia. Jumapili akapiga simu: "Mtoto anaendeleaje?" Nikasema, "Unapanda." Jumapili nyingine nikasema umefika dirishani. Uongo nao unataka nguzo, na mimi nilikuwa naziongeza kila wiki. Kwa miaka kumi na mitatu mmea ule ulistawi kwenye simu tu. Mara moja nilimpelekea mfuko wa maua niliyonunua dukani. Alinusa kwa muda mrefu. Nilijua nimekamatwa. "Maskini," akasema, "mvua za Bergen zimeubadilisha." Aliuonea huruma mmea ambao haukuwapo. Ningeweza kusema siku ile. Mzizi wake ulikuwa mzima, angenikatia mwingine, angenitukana kidogo, mambo yangeisha.

Novemba iliyopita kijito cha juu ya shamba kilifurika, kikabeba udongo wote wa ukuta wa kusini. Mimi na Styrk tulichimba siku mbili. Hatukupata hata uzi wa mzizi. Styrk alikaa kwenye jiwe akalia. Dada alikuwa dirishani amejifunika blanketi, akatushangaa.

"Wazee wazima mnalia nini? Si Sjur anao mwingine?"

Desemba aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, na haikuwa na dawa tena. Alilazwa hospitali tarehe 11 Januari. Hakuwa mtu wa kulalamika, na mwishoni alikuwa na furaha iliyonitesa. Jioni ya tarehe 8 Februari alinishika mkono.

"Mwezi wa tano, theluji ikiisha, uurudishe mhopi nyumbani. Ukuta wa kusini, sawa?"

"Sawa, dada."

Gjertrud alikuwa upande wa pili wa kitanda. Akasema, "Asante, mjomba." Marehemu alifariki saa kumi na mbili asubuhi ya siku iliyofuata. Alikufa akiniamini, nami sina wa kunisamehe.

Nimeuliza kote bondeni. Kila aliyewahi kupewa mzizi wa mama ameshaung'oa au umemfia. Dukani ipo mizizi mingine, lakini si ule.

Baada ya maziko tutakunywa bia yake ya Oktoba iliyopita, pipa moja ambalo dada alimwagiza Styrk asilifungue hadi siku ya maziko yake. Ndiyo maua ya mwisho ya ukuta ule. Kunyweni polepole. Hakuna nyingine.

Marehemu ameacha binti yake Gjertrud, wajukuu wawili, Eldbjørg na Tormod, jirani yake Styrk, na mdogo wake, mimi. Mhopi hakuacha. Yeye alidhani ameuacha kwangu.

Pumzika kwa amani, dada. Mwezi wa tano usinisubiri.