Nilipomwamkia Baba Huku Nikitazama Ukuta

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mwenye shingo inayogeuka na aitikie huku akimtazama jirani yake. Mimi kwa kipindi kirefu sikuweza kumtazama jirani, na leo nimepewa nafasi niseme kwa nini.

Kuna jambo nililiamini kwa moyo wote, kama ninavyoamini kwamba Mlima Hanang hauhami. Niliamini kwamba kompyuta humnywa mtu. Mjomba wangu Bura, aliyewahi kulinda benki kule Arusha, ndiye aliyeniambia. Alisema mwanga wa kile kioo huingilia tumboni, hupanda mpaka uti wa mgongo, na kufyonza uboho kidogo kidogo. Mtu huanza kukauka shingoni, kisha mikononi, mwisho anabaki kama ngozi iliyowambwa juani. Alidai alimwona karani mmoja akipeperushwa na upepo wa mlangoni. Nami nikasema amina.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni. Nilisoma mpaka kidato cha nne kwa taa ya karabai, nikitoka shambani moja kwa moja, na nilisinzia kiasi kwamba nusu ya jiografia niliipata ndotoni. Mungu akanifaulisha. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya, wanunuzi binafsi wa nafaka wamejaa kila kona, na wakulima wa Masakta na Hirbadaw wakaona waungane kuuza mazao yao. Wakafungua ofisi Katesh, wafadhili wakaleta kompyuta, mimi nikapewa kiti.

Ile mashine iliwekwa chumba cha ndani, pazia zito limefungwa dirishani na jingine mlangoni, kwa sababu ya vumbi. Vumbi la Katesh mnalijua, likiamua huingia hata ndani ya yai. Basi nikawa nakaa humo tangu asubuhi mpaka jioni, haingii mtu. Na ili kulinda tumbo langu, sikukaa kama watu wanavyokaa. Nilielekeza miguu na kifua ukutani, nikajifunga ngozi ya kondoo tumboni, halafu nikageuza shingo na mikono tu kuelekea mashine. Ungechungulia ungedhani namvizia mwizi wa ng'ombe.

Ndugu zangu, shingo ikaanza kuuma. Shingo! Palepale alipopataja mjomba. Nikaona unabii umetimia, nikajisogeza upande zaidi. Macho yakawasha kama yametiwa pilipili, mkono wa kulia ukawa unatembea siafu kwa ndani. Kanisani, nikitaka kuitazama kwaya, niligeuka mwili mzima kama mkokoteni wa maksai. Nilifunga, nikaomba. Nilijua nakauka.

Hapo ndipo baba yangu, Mzee Tluway, aliposhuka kutoka kijijini kwetu Nambis kuja kuiona meza ya mwanawe kwa mara ya kwanza. Alivaa koti lake la kanisani. Nilikuwa nimerudisha uso ukutani kupumzisha shingo, nikasikia kikohozi chake, nikasikia pazia likifunguliwa. Nilitaka kuinuka, lakini shingo ilikuwa imekaza kama fahali anayekataa josho. Nikasema, "Shikamoo baba," nikiwa nimeketi, uso ukutani.

Kwetu hata mgonjwa kitandani hujikongoja akae amwamkie baba yake. Baba akautazama ukuta. Kisha akaniuliza taratibu:

"Tangu lini unauamkia ukuta?"

Akatoka. Chai hakunywa. Kabla ya Jumapili Nambis nzima ilikuwa inasema kwamba masomo ya jioni yamempandisha kijana kichwa mpaka hakigeuki tena. Hayo yaliniuma kuliko shingo yenyewe, maana baba huyo ndiye aliyekuwa akibaki na ng'ombe ili mimi niende darasani.

Mke wangu Paulina hakuvumilia. Alipanda mpaka Nambis akamweleza mzee kwamba mumewe hana kiburi, ni mgonjwa, mashine inamkausha. Hasira ya baba ikaisha palepale, ikaingia hofu, na hofu ya baba ni nzito zaidi. Akatuma neno: mvua zikianza niache hiyo kazi, nirudi nyumbani nikalime nikiwa bado nina uboho. Neno la baba halijadiliwi. Na mimi kile kiti nilikipenda. Nikamwambia Bwana, nisaidie nisichague kati ya baba yangu na kazi yangu.

Bwana akajibu kwa njia ya hospitali. Nilikutana na daktari wa viungo, mama mpole aitwaye Magdalena. Hakuanza na vidonge. Aliniomba niketi kama ninavyoketi kazini. Nikaketi. Akaniangalia, akazunguka akaniangalia kwa nyuma, kisha akatoka kwenda kumwita mwenzake naye aje aone.

Walipomaliza kuona, akaniagiza niikabili mashine uso kwa uso. Nikiinue kioo mpaka ukingo wake wa juu ulingane na macho yangu. Nikakipandisha juu ya sanduku la mbegu. Miguu ikae juu ya kitu isining'inie, nikaweka tofali. Viwiko viwe karibu na mbavu. Pazia la dirisha nilifungue, na kila mara niache maandishi nitazame mbali, nikipepesa macho. Mbali kwetu ni mlima, nao upo bure. Tena nisikae kwa muda mrefu bila kusimama. Nikamuuliza, nisimame nifanye nini? Naye akaniuliza kama ofisini kwetu hawaingii wazee.

"Wanaingia, lakini wanaishia chumba cha mbele."

"Basi hamia huko mbele na mashine yako. Kila mzee akiingia, inuka umwamkie."

Hanang hatuna upungufu wa wazee! Mkulima wa Masakta akiingia, nainuka, nazunguka meza, nainama, shikamoo. Wafugaji wa tambarare wakija na fimbo zao kuulizia mahindi, salamu haiishi mpaka umeuliza kila ndama. Siku ya mnada niliinuka na kuketi mpaka kiti kikataka kuomba likizo. Ikawa dawa. Siafu wakahama mkononi, macho yakatulia, na asubuhi moja nikageuka kumtazama Paulina bila kugeuza mabega. Akalia.

Baba alikuja tena. Nilisimama kabla hajavua kofia, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili.

"Marahaba," akasema, asiuachie mkono. "Leo nimeuona uso."

Akanywa chai. Lakini neno lake la kurudi shambani hakulifuta, maana mashine bado ilikuwa pale. Nami sikumpinga, kwa kuwa nilikuwa bado nasadiki. Nilidhani nimepona kwa sababu nikisimama mwanga hunikosa ukaenda kupiga ukuta. Nilishawafundisha hivyo makarani wote wa mjini.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenirudishia shingo, na baba pamoja nayo. Wewe karani, wewe mwalimu unayesahihisha madaftari, wewe fundi cherehani uliyejikunja tangu asubuhi, mtumaini Bwana hata kwa maumivu yanayoonekana madogo. Usione aibu kumletea mgongo wako. Na ukishaomba, nenda ukaonwe, kwa kuwa yeye hutuma msaada kupitia mlango anaoutaka.

Nimalizie na mvua za kwanza. Baba aliniambia, kabla hujafunga mizigo twende tukamshukuru yule daktari. Tukampelekea samli. Baada ya salamu, mzee akaweka kofia magotini, akamuuliza mwenyewe: huyu kijana nimwondoe, au nikimwacha pale ile mashine itammaliza?

Mama Magdalena hakucheka. Alimjibu kwa heshima, polepole, ili kila neno lifike.

"Hapana, mzee. Ile mashine hainywi uboho wa mtu. Mwanao alikaa upande, akakaa muda mrefu bila kuinuka, shingo ikachoka. Mwache afanye kazi."