Vipimo Ambavyo Hakuna Aliyeviomba

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi linatazamana na geti la taasisi ya utafiti, na kila asubuhi watatu walewale hulikalia na vikombe vyao vya kahawa: kinyozi mwenyewe, wanayemwita Waziri kwa kuwa anajua siri za serikali ambazo serikali yenyewe haijazisikia; Volti, fundi umeme aliyefunga nyaya za ghala jipya la kumbukumbu humo ndani; na Mzee Mita, mstaafu wa taasisi hiyo aliyepima kina cha mto kila alfajiri kwa miaka thelathini na moja. Siku hiyo Mzee Mita alikuja na barua ya taasisi mkononi.

— Vipimo vyangu wanavifuta Ijumaa, alisema.

— Wanavifuta kwa lipi? Volti akauliza. Lile ghala nimelifunga mimi, mzee. Ni kanda za kuhifadhia data, rafu kwa rafu hadi darini. Bei ya kutupa, na zikilala hazili umeme. Linameza mito yote ya dunia na bado linapiga miayo.

— Barua inasema kitakachohamishiwa humo ni kile kilichoombwa na watu miaka kumi hii. Changu hakikuombwa hata mara moja. Diski za zamani zenye vipimo vyangu zinasagwa.

Waziri akatikisa kichwa.

— Kuna mkubwa anataka viwanja vya mtoni. Vipimo vikifutwa, mafuriko hayakutokea. Mwakani watakwambia hata mto haukuwepo.

— Na daraja la mto je? Volti akauliza.

— Lilijengwa watu wapigie picha.

Volti alicheka, Mzee Mita hakucheka. Alipima akiwa na homa, akapima hata alfajiri ya siku aliyomzika mkewe. Ilimuuma, tena sana.

— Mtu yuko kwenye kiyoyozi, viatu havijawahi kushika tope, ndiye anaamua mto hauna maana. Ghala la bei rahisi si lilijengwa ili tusitupe kitu? Sasa wanachagua nini?

Mwanamke mmoja alitoka getini na ramani kwapani, akawasogelea.

— Shikamoo, mzee. Samahanini jamani. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya bondeni. Tunajenga madarasa, nataka kujua mto uliwahi kufika wapi, nisije nikawaweka watoto kwenye maji. Nasikia vipimo vipo. Hii ni mara ya nne nakuja. Hivi mtu akivitaka, anaviomba wapi?

Waziri alimtazama Volti. Volti alitazama geti. Mzee Mita aliikunja barua. Miaka thelathini na moja alipeleka daftari lake kwenye dirisha la kupokelea. Dirisha la kuomba vipimo hakuwahi kuliona.