Mhandisi Kao na Pakiti ya Kijani

Tarehe 30 Juni, Mhandisi Kao Pi-yun anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika kiwanda chetu cha kadi za michoro za kompyuta hapa Taoyuan. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Liao wa stoo, niandike wasifu wake. Nadhani ni kwa sababu tumegombana kuhusu vipuri tangu ujana wetu na bado tunakunywa chai pamoja.

Alianza kwenye meza ya kuchomelea, akasoma masomo ya jioni, akapanda hadi kuwa mkuu wa usanifu. Anapenda vitu viwili: kasi na paja la kuku la kukaanga. Usingizi wa mchana, ambao sisi wengine tunauheshimu mno, taa zikizimwa na kila mtu kichwa mezani, yeye hajawahi kuulala.

Kadi ninayomkumbukia ni ile iliyochelewa kufika madukani. Mnunuzi alitaka iwapite washindani wote, naye Kao akaipandisha volti. Wakati huohuo kiwanda kilikuwa kimebana matumizi, kwa hiyo sehemu inayoilisha chipu umeme ikapewa vipande vichache na hafifu. Siku ya kwanza kadi ilikimbia ajabu. Siku ya pili, katikati ya usingizi wetu wa mchana, pah! Tukaamshwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Kesho yake ikafa nyingine.

Mnajua tulichofanya. Hakuna aliyeitazama kadi. Wote walikimbilia ile pakiti ya kijani ya vitafunwa vya nazi inayokaa juu ya mashine ya majaribio ili mashine isilete utundu. Tarehe yake ilikuwa imepita. Na mnunuzi wa pakiti ni nani? Liao!

"Mzee, umetumaliza," alisema Fang, msimamizi wa majaribio. "Unaipa mashine vitu vilivyochacha, halafu unataka ikutii?"

Nikaleta pakiti mpya, ya kijani kabisa, maana kijani ni kama taa ya kupita barabarani, na ya njano ingekuwa balaa jingine. Kadi zikaendelea kufa. Wakasema nimeiweka kichwa chini. Mkurugenzi akatamka kwamba asiyeweza kutunza pakiti hawezi kutunza stoo, na hakuwa akitania. Nilikuwa na watoto wawili shuleni.

Kao angeweza kunyamaza. Kadi ile ndiyo ingempa ukuu wa idara ya usanifu, na mnunuzi alikuwa njiani. Badala yake aliingia mkutanoni na kadi iliyoungua, akaiweka mbele ya mkurugenzi.

"Mwacheni Kaka Liao. Pakiti haina kosa. Volti nimepandisha mimi, na hivi vipande haviwezi kuubeba mzigo huo. Niliona ni dhaifu, nikajipa moyo tu. Tukiziuza hivi, zitaungulia majumbani kwa watu."

"Na mnunuzi nimwambie nini?"

"Mwambie asubiri. Akifoka, mpe simu yangu."

Mnunuzi alifoka kweli, kisha akasubiri. Ukuu wa idara akapewa mtu mwingine, na Kao akakaa miaka kabla ya kuupata. Kadi ikatoka na volti ya kiasi na saketi imara, pungufu kidogo kwa kasi, na mpwa wangu anachezea gemu nayo mpaka leo. Mimi sikufukuzwa. Nilimpenda mtu huyu tangu siku ile, na sijawahi kumwambia.

Vijana wake sasa wakiona kadi imekufa huikagua saketi kwanza. Pakiti ya kijani bado ipo juu ya mashine. Kao mwenyewe alikataza isiondolewe, akasema hatujafika huko.

Dada Pi-yun, ahsante. Ndani ya mkoba wako nimetia pakiti moja kwa ajili ya goti lako linalouma, nalo lisilete utundu, na tarehe yake nimeikagua mara mbili. Sote kiwandani tunakuombea afya na siku za raha. Na mchana, ukishamaliza paja lako la kuku, lala. Hakuna kitakacholipuka.