Risala ya Wapangaji na Mafundi Kuhusu Siku Tuliyoulaza Mtaa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Kamishna wa Ardhi. Maofisa mliofuatana naye. Wenye nyumba wetu mlioketi safu ya pili. Wazee, kina mama, mafundi wenzetu. Na wewe dereva uliyekataa kushuka garini kwa kuwa umeambiwa mtaa huu una vibaka: salamu kwenu nyote. Dereva, shuka tu. Viatu vyako tutaving'arisha bure.

KARIBU

Sisi wapangaji na mafundi wa mtaa huu wa nyuma ya soko tunakukaribisha kwa mikono miwili. Viti unavyoviona vimetoka nyumba kumi na moja, ndiyo maana havifanani. Hicho ulichokalia wewe seremala wetu amekimaliza juzi. Vanishi imekauka, alihakikisha mwenyewe kwa kukikalia na suruali yake nyeupe.

Risala hii inasomwa na fundi viatu, kwa sababu ndiye mwenye sauti. Imeandikwa na katibu wetu, dobi tunayemwita Mama Pasi, kwa sababu ndiye mwenye mwandiko. Sisi wengine tumeongeza maneno hapa na pale bila kumwambia, na tumemkalisha katikati ya seremala na muuza chai ili asiinuke.

Mheshimiwa, tunajua umekuja kuamua jambo moja. Barua ya ofisi yako, iliyobandikwa kwenye kibanda cha maji, inasema kata yetu imekusanya kodi ndogo mno ya ardhi, kwa hiyo majaribio ya gawio la kila mwezi yatasimama mwisho wa mwezi huu. Umesema utakuja kuona kwa macho yako kabla ya kutia saini. Tunakushukuru. Wapo wanaotia saini kwanza, na kuja hawaji kabisa.

TULIKOTOKA

Tazama ng'ambo ya barabara. Ule uzio wa mabati umesimama miaka kumi na tisa. Ndani yake kuna magugu, tairi moja na paka wasio na idadi. Mwenyewe hatujawahi kumwona. Tunamwita Mwenye Mabati. Seremala amekipima kile kiwanja kwa hatua zake, akasema kingetosha vyumba arobaini na karakana sita. Upande huu wetu tunalala watu watano chumba kimoja, na cherehani inafanya kazi uvunguni mwa ngazi.

Tulipochimba mtaro kwa mikono yetu, mwaka uliofuata pango lilipanda, maana mtaa sasa ulikuwa na mtaro. Tulipochangishana kuweka taa, pango lilipanda, maana mtaa ulikuwa na taa. Na kiwanja cha Mwenye Mabati nacho kilipanda bei, ingawa hakuwahi kuleta hata jembe. Kila tulipotoa jasho, ardhi ilinona na sisi tukakonda.

Ndipo ikaja sheria yenu ya majaribio. Mwenye ardhi alipe kwa thamani ya ardhi yake, iwe imejengwa ghorofa au imeota magugu, na kinachopatikana katika kata kigawiwe sawa kwa kila mkazi wa kata, mkubwa kwa mdogo. Tukiri kwamba hatukuiamini, wala hatukuisoma vizuri. Tumezoea sheria zinazokuja kuchukua.

MAFANIKIO

Sehemu hii katibu aliiandika kwa mistari mitatu: gawio limeingia miezi minane, hakuna aliyekosa, tunashukuru. Tumeirefusha.

Mama Pasi anaishi chumba cha tatu kutoka kibanda cha maji, pamoja na mama mkwe wake, Bibi, ambaye miguu yake imekataa kazi. Mume wa Mama Pasi alipofariki, watu walitarajia kila mmoja ashike njia aende kwao. Hakuna aliyekwenda. Tangu hapo Mama Pasi anamfulia na kumbeba Bibi, na Bibi anampangia maisha.

Kabla ya gawio, alikuwa akifua shuka za nyumba moja ya wageni. Meneja alikuwa na maneno yale yale kila siku: "Mama, shuka hamsini, zirudi kesho asubuhi. Hela mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi gani, hakusema. Mama Pasi alichukua furushi, akafua hadi vidole vikabadilika rangi, na Bibi akashinda ndani peke yake akitazama ukuta.

Mwezi wa pili wa gawio alipeleka shuka zimenyooka kama karatasi, akaziweka kaunta, akaweka na mkono juu yake.

"Meneja, leo tunabadilishana. Wewe toa, na mimi nitoe."

"Kiburi hiki umekipata wapi?"

"Sijapata kiburi, baba. Nimeshakula tu. Sina haraka."

Meneja alitoa. Siku hizi analipa mkononi, na Jumatano Mama Pasi hapokei nguo za mtu. Jumatano ni ya Bibi: anaogeshwa, anatolewa nje, anawekwa mlangoni na mito miwili, na anapokea wageni kama mkuu wa wilaya.

Bibi naye ana gawio lake, kwa jina lake. Siku ya kwanza alipoambiwa, aliuliza, "Hizi ni za nani?"

"Ni zako, mama."

"Nimefanya kazi gani?"

"Hujafanya kazi, mama. Umeishi hapa. Ardhi ni ya watu, na wewe ni mtu."

Bibi alizihesabu. Halafu akamtuma mkwewe sabuni ya kunukia, na akamwambia abaki na chenji. "Asante ya kutumwa," alisema. Mama Pasi alitoka uani akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia kwa furaha. Tuliokuwa bombani tulimwona, na tulijikuta tunafuta macho na sisi.

Mheshimiwa, mafanikio yapo mengine: seremala ana randa mpya, na muuza chai amepumzisha magoti yake siku mbili kwa wiki. Lakini ukituuliza gawio ni nini, tutakuonyesha Bibi Jumatano, mlangoni, ananukia sabuni aliyoichagua mwenyewe.

CHANGAMOTO

Hapa katibu ameandika pembeni: "Msomaji asome polepole, asirukeruke." Fundi viatu anatii, ingawa jambo lenyewe linamhusu na linamchoma.

Changamoto yetu kubwa ni sisi wenyewe.

Kabla ya gawio la kwanza, tulipotangaziwa kwamba wapimaji wa thamani ya ardhi wanakuja, mwenye nyumba wa kona alituambia wazi: "Mimi nikipandishiwa, na nyinyi nawapandishia." Tuliogopa. Tukakutana kwenye kibanda cha muuza chai, na Mama Pasi akatoa wazo.

"Wakija, wakute mtaa umelala," alisema. "Wataandika kidogo, waende zao."

Sote tuliliona ni wazo la akili. Kwa hiyo asubuhi ya kupimwa tulishusha vibao vya kazi. Tulichomoa taa tukazificha kabatini. Vitanda vya seremala vilifunikwa kwa turubai, na juu ya turubai tukamwaga vumbi la mbao lionekane la zamani. Muuza chai aliwaambia wateja wake warudi mchana. Mtaro tuliouchimba kwa mikono yetu tuliuziba kwa takataka zetu wenyewe, maji yakatapakaa barabarani. Mama Pasi alifunga kamba mbele ya mtaa mzima, akaanika shuka zilizochanika, moja baada ya nyingine, na hiyo ndiyo picha iliyowapokea wapimaji wako.

Mpimaji mmoja, binti mpole, alitumbukia kwenye yale maji. Soli ya kiatu ikabanduka. Aliuliza kama kuna fundi viatu karibu. Aliyeulizwa alikuwa ni huyu anayekusomea. Alimtazama binti wa watu machoni, akamjibu, "Hapa hakuna fundi viatu." Binti aliondoka akichechemea.

Wakaandika: daraja la nne, mtaa usio na biashara. Katibu akatia saini fomu kwa niaba yetu. Tulinunua soda tukapongezana.

Miezi mingi baadaye Mama Pasi alipata kazi ya kufua mapazia ya ofisi yako, Mheshimiwa. Siku ya kuyarudisha alikuwa amesimama juu ya kiti, pazia begani, ndipo akaiona chati ukutani: mitaa, madaraja, makusanyo. Alimuuliza karani, "Huu mtaa wa chini kabisa, kodi yake inalipwa na nani?"

"Wenye ardhi. Kama yule wa kiwanja cha mabati."

"Na inakwenda wapi?"

"Inarudi kwenu, mama. Ndilo gawio lenu."

"Kwa hiyo mtaa ukionekana dhaifu…"

"Gawio linakuwa dhaifu. Na mwenye kiwanja anafurahi."

Alishuka kwenye kiti na kuacha pazia moja bila kulitundika. Kama bado linaning'inia upande mmoja, ndiyo sababu. Siku mbili alipiga pasi hadi usiku. Siku ya tatu aliunguza kola ya shati la mteja, jambo ambalo hatujawahi kuliona tangu tumjue, na hapo tukajua kuna kitu.

Alituita kibandani akatueleza. Tulimficha Mwenye Mabati kwa shuka zetu wenyewe. Kodi anayolipa haifiki gharama ya mkaa wa muuza chai. Mtaa wa juu, mwenye kiwanja kama chake alipimwa sawasawa, akaona hasara ya kukaa na magugu, akajenga vyumba. Wetu ameongeza mabati mapya.

Seremala alisema, "Tunyamaze. Nani atajua?"

"Mimi najua," alijibu Mama Pasi. "Na Mwenye Mabati anajua. Anatuombea afya njema."

MAOMBI

Tunaomba tupimwe upya, safari hii mtaa ukiwa macho. Vibao vimerudi, taa zinawaka, mtaro unapitisha maji. Vitanda vya seremala ndivyo hivyo vinavyoziba njia, utuwie radhi.

Tunaomba gawio lisisimamishwe kabla ya kipimo hicho. Kata haikushindwa. Mtaa wetu ulidanganya, na haya ni mambo mawili tofauti.

Tunaomba wapimaji wawe wale wale, tuwatake radhi ana kwa ana. Yule binti aje na kile kiatu. Soli mpya imeshakatwa, inamsubiri, na anayesoma hapa halali vizuri mpaka aishone.

Kuhusu pango, wenye nyumba wetu, hatuwatishi. Tunanukuu tu maneno ya katibu: "Kiwanja kile kikijengwa, vyumba vitakuwa vingi. Anayetaka kupandisha apandishe. Sisi tutavuka barabara na ndoo mkononi."

SEHEMU AMBAYO KATIBU HAJAISOMA

Mama Pasi, kaa. Muuza chai, mshike mkono.

Mheshimiwa, kwenye fomu ya wapimaji, chini kabisa, kuna maneno madogo: anayetia saini taarifa ya uongo hufutwa kwenye daftari la gawio miaka miwili, yeye na wote wa nyumba yake. Saini iliyopo ni moja. Katika rasimu ya risala hii, katibu alijitaja mara moja tu, mwishoni, kwa mstari huu: "Kosa ni la katibu peke yake." Tulipomuuliza kuhusu Bibi, alisema atarudi kwa meneja kuomba shuka hamsini. Alisema hivyo bila kututazama.

Mstari ule tumeukata. Ni uongo, na uongo kwa ofisi yako tumeshaacha. Aliyeziba mtaro si yeye. Aliyeficha taa si yeye. Aliyemkana binti mwenye kiatu kilichobanduka anakusomea sasa hivi.

Hatuombi sheria ivunjwe. Tumepiga hesabu na seremala. Nyumba ile ina watu wawili, adhabu ni miaka miwili kila mmoja, basi ni miezi arobaini na minane ya gawio. Sisi wa mtaa huu ni watu mia mbili na kumi na wanne. Kila mmoja akikatwa gawio la wiki moja, deni la sheria limekwisha, na linabaki kidogo. Gawio mmeligawa sawa kwa kila kichwa. Tunaomba adhabu nayo igawiwe hivyo hivyo.

Kwenye karatasi utakayokabidhiwa, chini ya saini ya Mama Pasi, zimo saini zetu na alama za dole gumba kwa wasioandika. Wazazi wametia kwa niaba ya watoto wachanga. Tulikuwa tumekubaliana Bibi tusimsumbue, lakini alisikia minong'ono dirishani akaita karatasi iletwe. Tukamwambia, "Bibi, hii ni ya wenye makosa. Wewe siku ile ulikuwa kitandani." Akanyoosha kidole kwenye wino.

"Mlisema na mimi ni mtu," alisema. "Niandikeni."

Alama yake ndiyo ya kwanza, Mheshimiwa. Imechukua wino mwingi, imegusa saini ya mkwewe.

Mungu akupe wepesi katika uamuzi wako, akurudishe nyumbani salama wewe na dereva wako, na viatu vyenu vikiwa vizima. Sisi tupo hapa, macho wazi.

Wako watiifu,
Umoja wa Wapangaji na Mafundi wa Mtaa wa Nyuma ya Soko,
watu mia mbili na kumi na wanne, Bibi akiwemo.